Baki ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Valère Kalenga simupendi, na kabla sijaeleza chochote ninataka lijulikane. Watu wa hapa Kalemie wanapenda kusema eti zamani tulikuwa marafiki, eti walimu wawili wa hesabu katika muji mumoja hawawezi kukosa kupatana. Bongo, ni uongo. Tulikaa benchi moja miaka miwili, na tangu siku ya kwanza sikupenda namna alivyokuwa anachonga kreyo yake ya kuandikia, polepole, kama muntu anayemenya yai la moto. Leo ana miaka thelathini na nane, na bado anaichonga vile vile.

Benchi lile lilikuwa la Padri Edouard, Mungu amulaze pema kama anaona inafaa. Alasiri alikuwa anafundisha watoto wanne hesabu za ziada, katika chumba kidogo nyuma ya parokia. Watatu wavulana, na mimi. Padri alikuwa na tablo moja ya chaki na subira kidogo sana. Kila mara Valère akipata jibu tofauti na la kwangu, padri hakuhangaika kumutafutia kosa. Alisema tu: “Tazama kwa Séraphine.” Valère anageuza shingo, anatazama daftari langu, anachukua gome ya kufutia, anafuta yake, anaandika yangu. Miaka miwili ilienda hivyo.

Halafu ikaja bursi ya kwenda kusoma bure Lubumbashi. Ilikuwa moja tu, na padri yule yule aliandika jina la Valère. Nilipoenda kumuuliza, alisema msichana ataolewa na hesabu zake zitaishia jikoni. Valère akapanda treni ya Kabalo na sanduku jipya. Mimi nikabaki hapa, nikafundisha hesabu katika lise ya wasichana, nikajisomea peke yangu kila kitabu kilichopita mukononi. Na sikuolewa. Kwa hiyo padri alikosea mara mbili.

Sasa nieleze hesabu yenyewe, na usikimbie, si ngumu kuielewa. Kuifanya njo kazi.

Mwaka wa 1981 mwalimu mumoja Mubeleji alirudi kwao akaniachia karto moja iliyojaa karatasi za wasomi, zile alizokuwa anataka kuwashia moto. Ndani yake ilikuwa habari ya nguvu za ulimwengu. Kila nguvu ina chembe yake, na kila chembe ina namba inayoitwa spini. Ya mwangaza ni moja. Ya uvutano, ule unaoangusha gunia na aliyelibeba, ni mbili. Halafu muntu yeyote mwenye akili atauliza: na tatu je? Tatu iko, kwenye karatasi. Ikiwa peke yake, katika ulimwengu uliolala sawa kama meza, inakaa vizuri, haina fujo. Shida ni kuikalisha nyumba moja na uvutano. Unaandika mulinganyo wa wote wawili pamoja, unaugeuza kwa namna fulani, na vyote vinavyozuka lazima viuane vyenyewe kwa vyenyewe mupaka ibaki sifuri. Ikibaki kitu, hata kidogo, tatu haina nyumba. Wasomi wakubwa wa Ulaya na Amerika walikuwa wameandika kwamba kitu kinabaki, na hakuna cha kukila.

Mimi sikuamini. Niliifanya mwenyewe, kwa kreyo, nyuma ya karatasi kuukuu za reli, maana karatasi nyeupe nani anayo. Vipande mia ine na kumi na viwili, kurasa arobaini na sita, miaka mitatu. Vilianza kuuana viwili viwili, na mwishoni ikabaki sifuri. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia. Sioni haya kusema.

Niliandika barua kwa kituo kimoja cha wasomi kule Italia, nao wakajibu. Kulikuwa na nafasi moja ya miezi mitatu, na tiketi ya ndege ingetoka kwao. Niipate mimi, Séraphine Kapinga, mwalimu wa lise asiye na diplome ya chuo. Lakini walitaka kitu kimoja: kazi ikaguliwe na muntu mwingine aliyeifanya yote upya, mbali nami, naye atie sahihi. Ifike kwao kabla ya mwisho wa mwezi wa nne.

Katika muji huu wote ni nani angeweza kufanya upya kurasa arobaini na sita za tatu na mbili? Valère Kalenga, mwalimu wa koleji ya wavulana. Hapakuwa mwingine.

Watu walinihurumia. Prefe, mukubwa wa koleji yake, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana anajua Valère alishasema mbele ya walimu wote kwamba mimi ni mupishi anayejua kujumlisha. Nilimuambia nina hakika, na sababu njo hiyo hiyo. Baba yangu alikuwa pwantere bandarini, yaani muhesabu wa magunia. Siku zote wanakuwa wawili, mumoja wa meli, mumoja wa reli. Mumoja anasimama huku, mwingine kule, gunia linapita katikati, kila muntu anachora kijiti katika daftari lake. Ni marufuku kuongea, ni marufuku kuchungulia daftari la mwenzako. Jioni wanalinganisha. Zikipishana kwa gunia moja tu, wanahesabu upya tangu la kwanza. Baba alimuchukia pwantere wa reli miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo halikupotea gunia. Kisha yule akahamishwa, akaja mwingine, muchangamufu, wakawa wanakunywa pombe pamoja, na mwaka huo huo baba alifukuzwa kazi.

Kwa hiyo nilimutaka Valère kama alivyo. Kurasa zangu zilifungiwa katika kabati ndani ya biro ya prefe kwa kofuli. Yeye angeanza kwenye mulinganyo wa kwanza, peke yake, na asingeziona zangu mupaka amalize.

Alikuja mulangoni kwangu siku alipokubali. Hakuketi, hakuomba hata maji.

“Nitakupata kosa, Mama Séraphine,” akasema.

“Njo kazi yako,” nikamujibu, nikafunga mulango.

Miezi mitatu alinipita sokoni bila salamu. Nilimuona mwezi wa pili amekonda, macho mekundu, ameshika kifungu cha majani ya sombe kama hajui ni cha nini, na nilifurahi sana. Nilijua anapigana na kila mustari, ananitafuta ndani yake, anataka kunitoa kwa sikio mbele ya wote. Nililala vizuri. Anayekuchukia kiasi kile hawezi kuacha jiwe bila kuligeuza. Nilikuwa na hakika kwamba Italia nzima hawangenipatia mukaguzi muzuri kama huyu.

Siku ya Jumatatu, juma la mwisho la hiyo miezi mitatu, alikuja kwa prefe na kurasa zake. Sifuri. Prefe alilinganisha mustari wa mwisho na wa kwangu kama baba alivyokuwa analinganisha vijiti, akasukuma ile karatasi ya kusaini. Valère alisaini kwa nguvu mupaka biki ya wino ikatoboa karatasi. Hakuniangalia. Mimi nilicheka pale pale, mbele ya prefe, nikamuuliza kama mukono unamuuma. Alichukua kofia yake akatoka. Nikaomba kurasa zake nibaki nazo, na prefe akanipa.

Jumatano nilimupelekea Mama Émérence bahasha yenye kurasa zangu na sahihi ya Valère. Huyu ni mama wa kutoka juu, kaskazini ya ziwa, anavuka Kigoma na vitenge na kurudi na sabuni, na barua za watu anazitia posta ya kule kwa sababu ya kwetu tunaijua. Meli yake ilikuwa Alhamisi saa nane. Safari nyingine ingekuwa baada ya majuma matatu, na hapo tarehe ya Waitalia ingekuwa imepita. Alitia bahasha yangu katika pagne aliyojifunga akaniambia nianze kujifunza kula makaroni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na saa moja bila darasa. Niliketi katika chumba cha walimu na kurasa za Valère, na sitasema uongo, nilizisoma kwa kujifurahisha. Nilitaka kuona mahali alipohangaika. Nilitaka kuona alipofuta, alipozunguka, alipofika kwa kutambaa mahali mimi nilipofika kwa kutembea. Nilicheka ukurasa wa kumi na mbili. Nilicheka ukurasa wa ishirini.

Ukurasa wa thelathini na moja nilipiga mukono mezani. Alikuwa amekosea.

Nieleze. Katika hesabu hii unapima badiliko upande mumoja, halafu upande mwingine. Mahali fulani lazima ubadilishe zamu, cha kwanza kiwe cha pili. Juu ya meza haina shida: hatua kumi mbele na kumi kulia, au kumi kulia na kumi mbele, unafika pale pale. Lakini penye uvutano si meza. Njo maana ya uvutano, kila kitu kimepinda. Panda mulima hapa nyuma ya stasheni ujaribu, utaona hufiki mahali pamoja. Ukibadilisha zamu unalipa tofauti, na tofauti hiyo njo mupindo wenyewe, lazima uuandike. Valère alikuwa amebadilisha zamu bure. Hakulipa hata kidogo.

Ah, nilifurahi! Diplome ya Lubumbashi, na muntu anabadilisha zamu kama mutoto. Nilishaanza kufikiri nitamuambia mbele ya nani.

Kisha nikaacha kucheka. Kama yeye alikosea hapo, na mwishoni tulifika wote kwenye sifuri moja, basi mimi nilipita wapi?

Nilikuwa na nakala ya zangu katika mufuko. Niliifungua. Ukurasa wa thelathini na moja, mustari wa tano: nimebadilisha zamu. Bure. Bila kuona, kama ninavyofunga kiatu. Nilikumbuka pale pale nilipojifunza: tablo ya Padri Edouard, mukono wake wenye chaki, anasema cha kwanza na cha pili vibadilishane tu. Kwenye tablo ilikuwa kweli, tablo imelala sawa. Valère alienda chuo, akapata wa kumuambia kwamba penye mupindo ni mambo mengine. Kwa kusoma nilijua vilevile, ungeniuliza ningekujibu. Lakini mukono ulikuwa wa padri, na miaka kumi na saba hapakuwa muntu wa kuupiga ule mukono.

Lakini Valère alikuwa na wa kumupiga. Kwa nini basi yeye?

Nilipeleka ukurasa wake dirishani. Valère anaandika kwa kukandamiza, gome inaondoa rangi lakini haiondoi mifereji. Chini ya mustari wa tano palikuwa na mistari mingine mitatu iliyofutwa. Niliisoma kwa kidole. Tofauti ilikuwa imeandikwa yote, mupindo wote, na chini yake kipande ambacho hakiuliwi na kitu, kimezungushiwa duara. Baki. Wasomi wa Ulaya walisema kweli, na Valère alikuwa ameiona. Kisha aliifuta.

Nilitoka nikaenda koleji kwa miguu, haraka, mupaka mulinzi wao hakuthubutu kuniuliza ninamutafuta nani. Nilimutoa Valère katikati ya somo, kwenye baraza, nikamuwekea ukurasa kifuani.

“Uliipata,” nikasema.

Alitazama ile alama ya gome. Alitazama uwanja. Wanafunzi walikuwa wananyamaza ndani kwa namna ya watu wanaosikiliza.

Alinieleza bila kuniangalia. Aliipata baki mwezi wa kwanza. Alifurahi, hakulala kwa furaha, alishatengeneza na maneno ya kuniambia. Akahesabu tena ili awe na hakika, ikabaki. Mara ya tatu, ikabaki. Mara ya ine, ikabaki. Hapo akaanza kuogopa. Mwezi wa pili alimudanganya prefe kwamba anataka kalamu iliyo katika kabati, akapewa ufunguo, akafungua, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho wa kwangu. Sifuri.

“Nikatazama kwako,” akasema. “Maisha yangu yote sijawahi kuwa na jibu zuri kuliko lako. Nikajua aliyekosea ni mimi.”

Nilitaka kumupiga. Nasema kweli, mukono ulinyanyuka. Miaka kumi na saba nilikuwa nimemutunza muntu huyu kama adui, nimemuweka safi, nimemuweka mukali kwa siku ile moja nitakayomuhitaji. Na ndani ya adui wangu alikuwa amekaa mutoto wa benchi na gome mukononi.

“Sikukuomba kitu kingi, Papa Valère,” nikamuambia. “Nilikuomba unichukie tu.”

“Ninakuchukia,” akajibu, na kwa mara ya kwanza aliniangalia. “Lakini hesabu zako ninaziamini.”

Akaendelea, sauti ya chini. Alisema meli bado. Alisema niache bahasha iende, Waitalia hawatakagua vipande mia ine na kumi na viwili kimoja kimoja, watatazama sahihi yake na diplome yake. Wakija kugundua, nitakuwa nimeshafika, nimeshakaa na hao wasomi, na hakuna atakayeweza kunitoa kichwani walichonifundisha. Alisema yuko tayari aibu imuangukie yeye mukaguzi. Alisema bursi ile ya zamani ilikuwa yangu, na alilijua hilo tangu siku ile kwenye treni.

Usifikiri haikunishika. Nilitaka kwenda. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka mume au mutoto. Nilijiona katika chumba chenye tablo nne, watu wanasema mambo ambayo mimi huwa ninayasema na sufuria. Na nilijua kwamba hii haitarudi, nafasi kama hiyo haimufuati mwalimu wa Kalemie mara mbili. Nilisimama pale barazani mupaka kengele ya saa sita ikalia.

Lakini ilikuwa inabaki. Hicho kitu kilikuwa kinabaki, na mimi nilikijua sasa, na sifuri yangu ilikuwa uongo. Nikienda nayo, mupishi anayejua kujumlisha njo atakayekuwa ameenda.

Bandarini nilimukuta Mama Émérence ameketi juu ya marobota yake. Nilimuomba bahasha. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikamuambia hapana, nimekosea mahali. Alisema makosa yanaweza kutengenezwa Kigoma, kule kuna biki. Nilicheka, halafu nikalia mbele ya wapagazi, na yeye akatoa bahasha katika pagne ikiwa bado na joto la tumbo lake. Saa nane meli iliondoka. Niliitazama mupaka ikawa ndogo, sikuona sababu ya kujificha.

Kisha nilirudi koleji. Valère alikuwa peke yake darasani, anafuta tablo. Nilimuwekea ukurasa wa thelathini na moja mezani, na biki ya wino juu yake.

“Andika ulichofuta.”

Aliandika, mistari mitatu na duara, polepole, kama anavyochonga kreyo. Nilisimama juu yake kila alama. Alipomaliza nilimuambia kwamba alichonifanyia ni kibaya kuliko bursi. Bursi, aliyeninyang'anya ni padri. Sifuri hii ameninyang'anya yeye, kwa heshima yake ya upumbavu, maana mwezi wa kwanza angekuja mulangoni kwangu na baki mukononi na matusi yote aliyotengeneza, ningekuwa na miezi mitatu ya kuitafutia dawa. Alisema anajua. Nikamuambia kujua kwake sikuhitaji.

Hatukupatana. Wanaosema kwamba tulipatana hawatujui. Lakini ile baki sikuitupa. Niliitazama juma moja, mwezi, na nikaanza kujiuliza: na kama ulimwengu wenyewe si meza tangu mwanzo? Kama umepinda kidogo kila mahali, hata pasipo na kitu, huo mupindo wa mwanzo hauwezi kuila hiyo baki? Inaelekea hapo tatu haitakuja peke yake, italeta ine, na tano, na ndugu zote zisizo na mwisho. Basi zije. Nimeanza upya, kutoka mulinganyo wa kwanza, na nimefika ukurasa wa tisini.

Valère anahesabu upande wake. Kurasa zangu ziko katika kabati lile lile kwa prefe, na ufunguo ninauvaa shingoni.